Darubini ya Bei Nafuu na Kanga wa Kishushe

Siku hizo kuwinda ndege kulikuwa bado kunaruhusiwa kwa leseni, nami nilikuwa nimeapa kwamba sikukuu ile wakwe zangu wa Kishushe watakula kanga niliyempiga kwa mkono wangu. Nilikosa darubini tu.

Dukani Voi niliwekewa mbili mezani. Ya kwanza ilionyesha hadi mbuzi wa mlima wa pili, lakini bei yake ilinishinda. Ya pili ilikuwa nafuu, ila kioo kilikuwa na ukungu. Shemeji yangu Mwakio aliijaribu, akanirudishia.

"Shemeji, hii haioni. Afadhali macho yako."

"Kanga ni ndege mkubwa," nikamjibu. "Ukungu kidogo hautamficha."

Nikainunua.

Jumamosi tuliingia porini. Nilipoinua darubini tu, nikaona mgongo mweusi wenye madoadoa meupe nyuma ya kichaka.

"Kanga!" nikamnong'oneza Mwakio. "Tena mnono. Ameinama, anadonoa."

"Usipige mpaka umwone vizuri," akaniambia.

Basi mimi, mwindaji hodari, nikatambaa kwa tumbo, miiba ikinichana shati, nimeazimia kutorudi mikono mitupu. Kabla sijainua bunduki, kanga wangu akasimama wima, mzigo wa kuni kichwani. Alikuwa mama mkwe, amejifunga kanga nyeusi ya madoa meupe.

Kwa heshima, sikuwahi hata kukaa naye benchi moja. Sasa alikuwa akinitazama pale chini vumbini.

"Baba Mghoi," akauliza taratibu, "ni mimi unaniwinda?"