Shukrani Haiendi Peke Yake

Birago alipinda mgongo kabla hajafika miaka arobaini, na ukimwonea huruma anakutukana. "Mgongo wa mfinyanzi ukinyooka, huyo ni mvivu," hukwambia, mikono kiunoni, udongo umemkaukia mpaka viwikoni. Kwetu huku, nje kidogo ya Kumasi, chungu hakizungushwi. Chungu hukaa, na mfinyanzi ndiye anayekizunguka, ameinama, akirudi kinyumenyume, kiganja kimoja ndani na kingine nje, mpaka ukuta wa udongo uinuke. Nimewauzia wanawake hawa kuni za kuchomea vyungu kwa miaka thelathini. Namjua kila mmoja kwa mwendo wake, na najua nani alimfundisha nani.

Birago alifundishwa na Foriwaa, ambaye sote tulimwita Eno, kama tunavyowaita mama zetu wakubwa. Hawakuwa ndugu hata kidogo. Birago alifiwa na mama akiwa na miaka kumi na mitatu, akaangukia mikononi mwa mjomba wake Baffour, mtu wa kulalamika. Mjomba alilalamikia ada ya shule, akalalamikia fufu aliyokula mtoto, mwisho akamwachisha masomo. Siku moja Eno Foriwaa alimkuta msichana amekaa kwenye shimo la udongo, anakandakanda tu kwa kuwa hana pa kwenda.

"We mtoto, unachezea udongo au unautafutia ugomvi?"

"Nauchezea, Eno."

"Basi njoo uuchezee kwangu. Kwangu kuna kivuli."

Alimchukua hivyo hivyo, bila chupa ya kinywaji, bila ada, bila hata kumwita mjomba kumuuliza. Alimfundisha kwa kumshika nyonga kutoka nyuma na kurudi naye kinyumenyume kuzunguka chungu, wawili wameinama pamoja, watu wanapita wanacheka. "Mguu wa kushoto uanze!" Eno alikuwa akifoka. "Wa kushoto! Ukianza na wa kulia chungu kitakuwa na tumbo upande mmoja, kama Dapaah anapokula kwa watu." Dapaah ni mimi.

Nitasema jambo moja ambalo nililiona kwa macho yangu. Vyungu vya kwanza Birago alivyochoma peke yake vilipasuka vyote isipokuwa viwili. Alikaa kwenye majivu akilia. Eno alimtuma akateke maji bondeni. Aliingia ndani, akatoa vyungu vyake mwenyewe saba, akavipanga na vile viwili, na wachuuzi walipofika akawaambia, "Hivi ni vya mwanangu Birago. Mnunue kwa adabu." Mimi nilikuwa napakua kuni pale pale. Nikafunga mdomo, na wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo. Birago mwenyewe alikuja kujua baadaye sana, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akijisifu kwa chungu chochote. Ukimsifia, anasema, "Ni mkono wa Eno huo."

Baada ya miaka tisa Eno alimfungua, awe mfinyanzi wa kujitegemea. Alimpaka unga mweupe mabegani na mikononi mbele ya wafinyanzi wote, tukapiga makofi, tukala. Sasa desturi yetu ni kwamba mtu akikutendea jema, asubuhi inayofuata unarudi kwake kumwambia asante ya jana. Na jema likiwa kubwa kama hilo, huendi peke yako. Unakwenda na wakubwa wa ukoo wako, na chupa, na msemaji, na unawaambia watu, "Nisaidieni kushukuru." Mdomo mmoja haukitoshi kitendo kikubwa. Anayekwenda peke yake ni kama anasema hana kwao, au kwao hawakuona jema lolote.

Mjomba Baffour akakataa.

"Nimshukuru kwa lipi?" alifoka uani kwake, mtaa mzima ukisikia. "Kamtumikisha mtoto wangu miaka tisa bure! Yeye ndiye aje anishukuru mimi!"

Birago alikuja kwangu jioni hiyo, ule unga mweupe bado uko shingoni.

"Kaka Dapaah, niende mwenyewe tu?"

Nilimjibu nini? Ningeweza kumwambia nenda. Njia ilikuwa hatua mia mbili. Lakini mimi mtu wa desturi, mimi ninayejua kusema kwenye vikao, nikakunja uso. "Peke yako? Mikono mitupu, kama mtu anayekimbia msiba? Utamwaibisha mama wa watu. Ngoja. Mjomba atapoa."

Akangoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nami ndiye niliyempa ile ngoja.

Mjomba hakupoa. Mwaka wa kwanza Birago aliona haya kupita mlangoni kwa Eno bila shukrani, akaanza kupitia njia ya bondeni. Mwaka wa pili haya ikazidi, maana sasa alikuwa na kosa la mwaka mzima. Mwaka wa tano hakuweza tena. Watu wakaanza kusema. Shukrani ya punda ni mateke, walisema, na Birago akapita na mzigo wake kichwani kana kwamba anayesemwa ni mtu mwingine. Usiku mmoja mke wangu alikwenda kumtazama, akamkuta analia.

Kisha kukatokea msiba wa chifu mdogo wa mtaa wa juu. Kwenye misiba yetu anayefika huanza na wafiwa, akapita mstari mzima akishika mikono, mmoja baada ya mwingine, haruki mtu. Birago alikuwa anakuja na mstari, amevaa nyeusi. Akamwona Eno Foriwaa ameketi kitini, mkono ameshaunyosha. Birago alisimama. Akageuka, akatoka kupitia nyuma ya hema.

Mkono wa Eno ukabaki hewani, mpaka mimi niliyekuwa nyuma ya Birago mstarini nikaushika.

"Dapaah," aliniuliza, sauti ya chini kabisa, "nilimkosea nini yule mtoto?"

"Hujamkosea kitu, Eno. Anakuja. Anatafuta watu wa kuja nao."

"Watu wa nini? Si aje tu." Akafuta macho kwa ncha ya nguo. "Haya. Mwambie namngoja."

Nilimwambia Birago? Nilimwambia. Lakini nilimwambia kama mtu anayetoa salamu njiani, kisha nikaenda zangu na kuni zangu. Ilitakiwa nimshike mkono nimburure mpaka kwenye ule mlango. Hilo linaniuma mpaka leo, na nisingeliandika kama ningeweza kulala bila kuliandika.

Mjomba Baffour akafa. Eno akazeeka, na binti yake Konadu akamhamishia kwake mjini Kumasi. Miaka ikafika kumi na tisa tangu Birago afunguliwe. Juzi, kabla ya mvua kubwa, Konadu akaleta habari kwamba mama amedhoofu, anakula kidogo. Birago alinifuata nikiwa nachanja kuni. Hakusalimu.

"Kaka, sina mjomba tena wa kumngoja. Nisaidie kushukuru."

Tulikwenda watatu: mimi kama msemaji, Birago, na Mama Akyaa, mfinyanzi mzee aliyejifunza pamoja na Eno walipokuwa wasichana. Tulibeba chupa, viazi vikuu, kuku, na chungu kimoja ambacho Birago alikuwa amekifinyanga na kukivunja na kukifinyanga tena, mara nne, eti hakifai macho ya Eno. Njiani alinisomesha maneno kama mtoto wa shule.

"Useme sikusahau. Hilo usiliache."

"Sitaliacha."

"Na ya mjomba usiseme. Ni maiti."

"We Birago, msemaji ni nani hapa?"

"Ndiyo maana naogopa," alisema, na Mama Akyaa akacheka. Hicho ndicho kicheko cha mwisho tulichocheka siku hiyo.

Konadu alitukaribisha, akatupa viti, akatupa maji. Eno Foriwaa alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu ukumbini, nguo safi, kichwa kimenyolewa, mdogo sana. Tulipokwisha kunywa akasema mwenyewe, kwa sauti kavu iliyonyooka, yale maneno ya mwenyeji kuwauliza wageni kilichowaleta, "Hapa ni amani. Nyinyi ndio mliotembea. Semeni."

Nikashukuru Mungu kimoyomoyo. Akili ipo, nikasema. Nikasimama, nikashusha nguo begani kwa heshima, nikasema kama sijawahi kusema. Nilieleza shimo la udongo, kivuli, miaka tisa, vyungu saba. Nikasema Birago hakusahau. Nikasema amechelewa, na kuchelewa kwake si dharau bali ni haya, na kwamba haya hiyo niliisaidia kukua mimi Dapaah kwa ushauri wangu mbovu. Mama Akyaa akaitikia, "Ni kweli, ni kweli." Nikasema tumekuja kumsaidia kushukuru.

Eno alisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa.

"Umesema vizuri," alijibu. "Huyo mtoto nampenda. Namngoja siku nyingi. Sasa mwenyewe yuko wapi?"

"Huyu hapa, Eno."

Birago alikuwa tayari magotini. Eno akamwangalia kwa upole, kama unavyomwangalia mgeni aliyekosea nyumba.

"Huyu? Huyu ni mama mtu mzima. Birago wangu ni msichana." Akatupima sisi sote kwa macho. "Mmekuja kunidanganya? Nyinyi wakubwa wazima?"

"Eno, ni mimi," Birago alisema. "Mimi Birago. Nitazame."

"Usilie, mama. Hujanikosea kitu."

Konadu aliinama akaninong'oneza kwamba kuna siku mama anajua watu na kuna siku hajui, na kwamba wiki iliyopita alijua. Wiki iliyopita! Nilitamani ardhi inimeze.

Hapo Birago akafanya jambo ambalo hakuna msemaji angelifikiria. Aliinuka, akakiweka kile chungu katikati ya ukumbi, akainama mpaka chini, kiganja kimoja ndani na kingine nje, akaanza kukizunguka kinyumenyume. Chozi lilikuwa linadondokea ndani ya chungu. Akazunguka mara moja, mara mbili, nyayo zake zikikwaruza sakafu ya saruji. Eno akainuka kidogo kitini. Macho yake yalikuwa yanafuata miguu.

"Wa kushoto," alisema. "Ndiyo. Ameanza na wa kushoto." Uso wake wote ulifunguka. Nami nikadhani, sasa, sasa hivi.

"Njoo hapa," alimwita. Birago akaenda mbio akapiga magoti, akaushika ule mkono, naye Eno akaugeuza mkono wa Birago, akapapasa sugu za kiganja moja moja.

"Umefunzwa vizuri, wewe. Aliyekufunza yu hai?"

Birago alinitazama.

"Yu hai, Eno."

"Ulishamshukuru?"

Tulimsikia kuku akitapatapa kwenye kikapu chake.

"Bado, Eno."

"Ah! Kwa nini?"

"Nilikuwa natafuta watu wa kwenda nao."

"Watu!" Eno alitikisa kichwa, akamwinamia, akasema kwa sauti ya mtu anayempa mwanawe siri. "Sikiliza, mama. Mimi nina mtoto wangu namngoja, naye anatafuta watu. Kila asubuhi nasema leo. Inauma, nisikufiche. Usimfanyie mwenzangu hivyo. Hii chupa yenu siwezi kuipokea, shukrani ya mtu haipokelewi mwenyewe hayupo. Ichukue umpelekee huyo wako. Nenda leo leo, peke yako, hata usiku ukuingilie njiani."

"Nitakwenda, Eno."

"Na ukifika," alisema Eno Foriwaa, akimfuta Birago machozi kwa ncha ya nguo yake, "mwambie Foriwaa ndiye aliyekutuma."