Mshahara Wangu Ulivyotajwa Sebuleni

Baba mdogo ndiye aliyeutaja mshahara wangu, na hakuwa na haki ya kuutaja kwa sababu hakuujua. Nilimsikia kutoka jikoni nikiwa nimeshika mwiko. Aliwaambia wageni kwamba binti wa nyumba hii ni mhandisi wa mawasiliano, kwamba minara yote wanayoiona vilimani kuanzia hapa Kasense mpaka kule Pito iko mikononi mwake, na mtu wa namna hiyo halipwi chini ya milioni nne kwa mwezi. Kisha mtu mmoja akakohoa, kikohozi cha mtu anayepiga hesabu.

Nilitamani kumrushia ule mwiko.

Walikuwa wageni wa mahari. Upande wa mwanaume ni wafugaji waliohamia Rukwa na mifugo yao kabla mchumba wangu hajazaliwa. Yeye mwenyewe ana duka la dawa za mifugo mtaa wa Majengo, lakini siku kama ile bwana harusi mtarajiwa hana mdomo. Alikaa kiti cha pembeni akitazama viatu vyake, na aliyesema kwa niaba yao ni baba yake mkubwa. Kwetu tulipaswa kusemewa na baba, ila baba yangu ni Mfipa wa jembe na rozari, si mtu wa maneno, kwa hiyo kazi ikamwangukia mdogo wake, ambaye maneno hayajawahi kumpungukia.

Na mimi kazi yangu ilikuwa kukaa jikoni na shangazi mpaka niitwe. Binti hatoki mwenyewe. Akitoka kabla ya kuitwa ataonekana ana haraka ya kuolewa, na aibu hiyo itamganda baba yake kanisani na kilabuni. Akishaitwa anaulizwa mbele ya wote kama anawafahamu wageni hawa na kama baba apokee. Akijibu ndiyo, yamekwisha. Mama alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo shangazi ndiye aliyenishikilia siku hiyo, na kunishikilia si msemo, maana mkono wangu alikuwa ameukamata kweli.

Simu yangu ya kazi ikatetemeka mfukoni.

Nilijua ni nini kabla sijaitoa. Ni ujumbe wa mitambo: mnara wa kule Pito ulikuwa umepoteza umeme, jenereta haikuwaka, na sasa mitambo inaendeshwa na betri peke yake. Betri zile zimechoka. Nilikuwa nimeziandikia ripoti mara kadhaa nikajibiwa tusubiri bajeti. Ikafuata simu ya msimamizi wangu aliyeko Mbeya, nikaikata, akapiga tena. Nilikuwa nimemwomba anipe mtu wa kunishikia zamu akasema hayupo, na mahari si msiba.

Watu hawajui mshahara wetu unavyoundwa. Wanaona kofia ngumu, mkanda wa kupandia na gari lenye nembo, basi wanadhani tunalala juu ya noti. Wale walioajiriwa na kampuni ya simu yenyewe, wanaokaa Dar es Salaam kupanga mtandao kwenye kompyuta, sawa, huenda milioni nne wanaiona. Mimi niliajiriwa na mkandarasi anayewatunzia minara, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, mkoani, na bado sijamaliza usajili wa uhandisi wa ngazi ya juu ambao ungenipandisha daraja. Siku ya usaili waliniuliza nilikotoka nilikuwa nalipwa kiasi gani. Nikawaambia ukweli, wakaongeza kidogo juu yake. Mwenzangu niliyesoma naye alikataa kujibu swali hilo, na mpaka leo ananizidi. Kinachoupa mshahara wangu uhai ni posho ya zamu, na posho hiyo ina sharti: mnara ukizimika nawe hujafika, posho ya mwezi mzima imekwenda.

Nikamwonyesha shangazi simu. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba inabidi nitoke, pikipiki iko nje, nifike Pito kabla betri hazijakata roho. Shangazi akanitazama kama niliyevua nguo. Akaniuliza kama nataka kumuua baba yangu, kisha akarudi kupuliza moto na mkono wangu bado anao.

Sebuleni baba mdogo alikuwa ametaja ng'ombe thelathini. Nikajua sasa mzozo unaanza, watashuka mpaka kumi, watapanda, watakula, jioni itafika na mnara wangu utakuwa umekufa zamani. Lakini baba mkubwa wa mchumba wangu akasema sawa.

Sawa, hivyo tu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mfugaji anayekubali ng'ombe thelathini bila kubishana, kuna kitu amekiona. Hata shangazi aliacha kupuliza.

"Thelathini tunatoa," mzee yule alisema, taratibu. "Na sisi neno letu ni moja. Mshahara huo ukishakuja kwetu, ni wa kwetu. Kuna eneo tumelitazama huko Pito, binti atalinunua. Haya ya kutuma huku mbolea na ada za wadogo zake, yaishie leo."

Nikasubiri baba mdogo akatae. Hakukataa. Angekataaje, na ng'ombe thelathini walishaingia zizini kichwani mwake? Nikasubiri mchumba wangu akohoe tu, kwa sababu yeye mshahara wangu aliujua mpaka makato ya mkopo wa chuo. Alinyamaza. Kwa desturi alikuwa sahihi kunyamaza, na bado nilimchukia kwa muda ule wote. Wadogo zangu wawili wako sekondari kwa pesa yangu. Nikisema ndiyo, nawatoa shule, na ninaingia nyumba ya watu nikiwa na deni la mshahara ambao haupo. Mwezi wa kwanza tu wangeniuliza milioni nne ziko wapi, na njia ya mwongo ni fupi, hata kama mwongo mwenyewe ni baba yako mdogo.

Nikasikia baba akisema, "Aitwe."

Shangazi akanifunika kanga, akanitoa. Nilikuwa nimevaa buti za kazi chini ya kitenge, maana nilikuwa zamu na nilizivaa tangu asubuhi, na wote waliziona. Nikapiga magoti, nikawaamkia shikamoo. Baba mdogo akauliza kwa sauti ya sherehe kama nawafahamu wageni hawa. Nikasema nawafahamu. Akauliza kama baba yangu apokee.

"Baba, usipokee kwanza," nikasema.

Binti anajibu neno moja, hapewi nafasi ya pili, lakini maji yalikuwa yamenifika shingoni na mdomo wangu haujawahi kuwa wa kukopa. Nikamgeukia mzee wao, nikamwambia aliyoyasikia si yangu. Mkononi napata laki nane na kitu baada ya makato. Posho ya zamu ikiwepo nafika milioni moja na laki mbili. Mkataba unaisha Desemba, na hakuna aliyeniahidi mwingine.

Baba mdogo akacheka kicheko kikavu, akasema watoto wa siku hizi wanaficha mali. Akatoa simu yake ampigie kijana mmoja wa mjini anayezijua kazi hizi, atuambie ukweli. Akaitazama, akainyanyua juu, akaisogeza dirishani.

"Mtandao umekata," akasema.

Mzee mwingine akaitazama ya kwake. Haikuwa na kitu. Mchumba wangu naye akatoa ya kwake, kisha akaniangalia, na nikaona ameelewa.

"Huo uliokatika ndio posho yangu ya mwezi huu," nikasema. "Mnara wa Pito, ndio unaotuletea mtandao mpaka hapa. Nilipaswa niwe huko tangu mlipokuwa mnasalimiana."

Wageni wakaomba kutoka nje wazungumze. Nilibaki nimepiga magoti kwenye saruji yenye baridi ya Julai, buti zikinibana, na hakuna aliyeniambia niinuke. Baba mdogo alitazama ukuta. Baba alinitazama mimi, muda wote, bila kupepesa, na sikuweza kusoma kilichokuwa usoni mwake.

Waliporudi, mzee wao alikaa kwanza, akajifunika blanketi lake vizuri mabegani. Akasema watatoa ng'ombe kumi na wawili. Na lile neno lao la mshahara wameliondoa, kwa kuwa mshahara wenyewe hautoshi kugombewa. Hakuwa anatania, na hakuna aliyecheka. Nikaulizwa tena. Nikasema baba apokee, na baba akapokea bila kudai aongezewe hata ndama.

Sikusubiri chakula. Nilivua kanga nikampa shangazi, nikatoka na mfuko wa vifaa. Mchumba wangu alikuwa ameshaigeuza pikipiki ikitazama barabarani. Sikumwambia asante wala neno lingine. Ya kwetu sisi wawili yangesubiri.

Nikiwa nawasha, baba akaja. Alitembea mpaka kwenye usukani, akaushika, akatazama paa la bati la nyumba yake. Bati lile nililinunua mimi, mwaka wangu wa pili kazini. Alisema nami Kifipa, kama anavyosema mambo ya ndani.

"Pesa zote hizi ulizokuwa unatuma," akauliza, "wewe ulikuwa unakula nini?"

Nilitafuta uongo mdogo wa kumpa, nikaukosa. Akauachia usukani, nikaondoka.