Vitenzi Nilivyomgawia Mama Atieno

Katika ujana wangu, mwanangu, ipo Jumamosi moja ninayoikumbuka kuliko siku nyingine.

Nilikuwa nimejifunza Kihispania peke yangu, kwa kitabu cha mtumba kisicho na jalada. Nilipomaliza sura ya kuamuru, nikajiona mwalimu. Nikaazima chumba cha kanisa hapa Gatina, nikapata wanafunzi sita, watano wao vijana. Wa sita alikuwa Mama Atieno, aliyekuja kwa miguu kutoka Lindi, kule Kibera, akiwa bado na aproni ya kazi. Alikuwa amemlea msichana wa Kihispania tangu uchanga. Familia ile ilikuwa imerudi kwao, naye alitaka kumwandikia barua kwa mkono wake mwenyewe.

Nilieleza kanuni kwa utaratibu, maana si ngumu. Ukimwamuru mtu mmoja uliyemzoea, kitenzi cha kawaida chenye mwisho wa -ar huishia na a: lavar, kuosha, huwa lava, osha. Vya -er na -ir huishia na e: barrer, kufagia, huwa barre, escribir, kuandika, huwa escribe. Kisha nikawa natamka amri, na mwanafunzi anaitenda.

Vijana niliwaambia lee, soma, escribe, andika. Nilipofika kwa Mama Atieno nikaitazama aproni, nikasema barre. Akashika ufagio, akafagia. Lava. Akaosha vikombe vya kanisa. Hakusita hata mara moja.

"Mwalimu, huyu mathe ametuacha mbali!" kijana mmoja akacheka. "Ama ulimpea majibu?"

"Hayo nimeyasikia kazini miaka kumi na miwili," Mama Atieno akasema, akiegemeza ufagio ukutani. "Singetoka Lindi kuyafuata. Mbona hawa umewaambia waandike, na mimi nifagie?"

Wazee walisema nyumba njema si mlango; mimi nilikuwa nimeangalia mlango tu. Mama Atieno akafunga daftari lake ili aondoke.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Kaa mbele hapa. Uamuru wewe, nitende mimi."

Akaja mbele. "Escucha," akasema. Sikiliza.

Nikaketi, nikangoja amri ya pili. Haikuja upesi, nadhani aliiachia ile ya kwanza ifanye kazi yake. Kisha akachukua chaki, akajiambia mwenyewe kwa sauti ndogo, "Escribe." Akaandika ubaoni, polepole, jina la yule msichana.

Mwanangu, kanuni ya kuamuru utaijua kwa asubuhi moja tu. Kujua nani umwambie nini kutakuchukua miaka. Usimgawie mtu kazi kwa kuangalia nguo aliyovaa; muulize kwanza alichokuja kutafuta. Na ukikemewa kwa haki, keti usikilize, hata kama chaki iko mkononi mwako.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kujifunza na mzito wa kutuma watu. Na siku utakapokosea, asikunyime mtu wa kukuambia.