Mwalimu Mkuu wa Mwenzangu

Tulipanga nyumba moja Katoro, mimi na rafiki yangu niliyesoma naye chuo cha ualimu. Shule zetu zilitenganishwa na barabara tu. Mshahara uleule, madarasa yaleyale ya kufurika, vumbi lilelile la bodaboda. Tulichotofautiana ni mwalimu mkuu, na mimi nilikuwa na wivu kama mke aliyenyang'anywa mume.

Wa kwangu alikuwa hodari wa kusimama getini asubuhi akitazama saa. Ofisi ya walimu aliingia kutoa amri, akatoka. Watoto wangu wa darasa la kwanza wengi walikuja wanajua Kisukuma tu, kwa hiyo nilitunga wimbo wa herufi kwa lugha zote mbili, tukawa tunaimba mpaka zinawaingia. Siku moja akachungulia dirishani. "Mwalimu, hapa si ngomani." Basi. Tangu siku hiyo nilifundisha kwa kunong'ona, na kazi ikanitoka moyoni. Nilitaka mtu aseme tu kwamba naiweza.

Wa mwenzangu alikunywa chai ya saa nne pamoja na walimu wake, akiuliza nani kakwama wapi. Jioni rafiki yangu anamenya viazi huku ananisimulia: "Leo mkuu kakaa dawati la nyuma, kaimba na watoto ule wimbo wa herufi!" Wimbo wangu huo. Nilimfundisha mimi, jikoni hapohapo. Nikasema hongera, na vitunguu vikaniungulia.

Mama alipofariki, kwetu Ushirombo, mkuu wangu alituma ujumbe: pole, ruhusa yako inaisha Jumatano. Asubuhi ya mazishi ikaingia Noah ya kukodi, wakashuka walimu wa shule ya mwenzangu na mkuu wao. Alivua koti, akaomba shoka, akapasua kuni na vijana wa msiba. Kisha akaja kunipa mkono.

"Pole sana, mwalimu. Mwenzako kaniambia ule wimbo ni wako. Watoto wetu wanasoma kwa sababu yako."

Nikaupokea mkono wake. Nikamtazama rafiki yangu, kajifunga khanga, ana ndoo ya maji kichwani, na mkuu wake anamwahi kumtua. Nikamwonea wivu palepale, mama yangu hajazikwa. Nikaangua kilio. Wanawake wakanikumbatia, wakaniambia nimwache mama apumzike.