Mapasa Hawakatwi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ingawa sijui kama nitaieleza sawasawa. Shule niliiacha mapema. Nilikuwa mke mgeni hapa Lubumbashi, wakati ule wa Zaire. Mume wangu alipiga picha kule mtaa wa Katuba, nami nilizitoa karatasini katika chumba chetu cha giza, chini ya taa nyekundu.

Mama mmoja, mke wa mfanyakazi wa mgodi, alikuwa amezaa mapasa, yaani mapacha, Kyungu na Kabange. Mama yake mzazi alikuwa kijijini, kaskazini, miguu imemkatalia safari. Picha ndiyo ingekwenda kwake, na shemeji wa mama huyo, wa kuibeba, alikuwa anapanda treni jioni ile ile.

Nikaitazama filamu. Kyungu ametulia kama chifu. Kabange karusha mikono, uso umekuwa moshi. Nisimwonee mume wangu. Mtoto alikataa kutulia. Basi nikaikuza picha ya Kyungu peke yake, akajaa karatasi nzima, mzuri ajabu. Nikajisifu moyoni: chema chajiuza.

Mama akaja, akatazama, akaigeuza karatasi nyuma.

"Kabange iko wapi?"

"Alichezacheza, Mama. Nilimutoa."

"Ulimutoa? Weye uko fotografe ao uko muuza-nyama? Unakata bantu!"

Wateja mlangoni wakacheka. Kisha akashusha sauti: "Mwana, bibi yabo akiona moja, atasema mwingine alikufa. Ataanza kilio."

Nilitamani ardhi ipasuke. Unachompa pasa mmoja umpe na mwenzake, hata wimbo. Desturi hiyo niliijua, ila nilidhani karatasi haimo.

Nikarudi gizani, na Mama nikamwingiza. Kabange alikuwa upande wa kivuli, kwa hiyo mwanga wa mashine uliposhuka juu ya karatasi nilimkinga kidogo kwa kiganja. Maana kwenye karatasi, unayemkinga ndiye anayeng'aa. Mama hakuamini. Tulipoitia katika dawa, nyuso mbili zikaja polepole, pamoja, naye akapiga vigelegele mle ndani mpaka mume wangu akagonga mlango:

"Munazaa tena humo?"

Picha iliiwahi treni, ingali na unyevu. Shemeji aliporudi alisimulia kwamba bibi alimbusu kwanza Kabange, yule wa moshi. "Huyu njo anacheza!" alisema, yaani huyu ndiye anayecheza. Halafu akambusu Kyungu, pasiwe na wivu, naye mwenyewe akacheza palepale kitini.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Ukitaka kumfurahisha mtu, usimchagulie cha kutupa. Unachokiona wewe ni kasoro, huenda ndicho mwenzio anachokisubiri. Pengine mengine nimekosea, lakini hili nalishika. Mungu akujalie nyumba yenye watoto wasiotulia, na mezani pako asikosekane hata mmoja.