Blanketi Lisilofunguliwa

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, abiria wa mwisho anashuka, na Mama Ghorofa anapanda mbili mbili ngazi za ndani ya ndege, mafurushi ya mifuko ya taka begani. Juu anasimama. Maganda ya karanga, magazeti, soksi moja ya mtoto, mablanketi yametapakaa kwenye kila kiti. Mwingine angeguna. Yeye anapiga makofi.

“Chafu kweli kweli, jamani,” anawaambia wenzake. “Leo tumepona.”

Jina hilo amelipata kazini. Kwa miaka sita ameongoza wanaosafisha ghorofa ya juu ya ndege hii yenye injini nne na viti mia tano. Nyumbani amepanga vyumba viwili. “Mume wangu hunitania, eti ameoa mwenye ghorofa lakini kodi haiishi,” anasema.

Furaha ya uchafu ina sababu yake. Miezi mitatu iliyopita kampuni ya ndege ilitangaza majaribio ya miezi mitatu, ikisema dude hili linakunywa mafuta kupita kiasi. Visipojaa viti mia nne, kila safari ni hasara, na itabidi iletwe ndege ndogo ya injini mbili. Ndege ndogo inasafishwa na watu kumi na wanane. Wao ni arobaini na wawili.

Ndipo Mama Ghorofa alipoanza kuhesabu mablanketi. Kila kiti huwekewa moja, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa.

“Wahasibu wana kompyuta zao. Mimi nikikuta mfuko haujafunguliwa, najua kiti kile kimesafiri kitupu,” anaeleza. “Wasiosikia baridi wapo, ila ni wa kuhesabu.”

Wiki ya kwanza alikuta mifuko mia moja sitini na miwili. Leo, siku ya mwisho ya majaribio, ndege nzima ina ishirini na tisa.

Lakini kuna sharti la pili: usafi usizidi dakika tisini, maana ndege ikilala uwanjani haiingizi kitu. Na ndege iliyojaa ndiyo inayochafuka zaidi.

“Tulichokiomba ndicho kilichotaka kutumaliza,” anasema.

Dakika ya sitini, safu nane bado, na maji ya matunda yamelowesha zulia. Anapiga magoti, roho mkononi. Mzee mmoja wa kikosi, aliyebakiza mwaka astaafu, anamnyang’anya brashi.

“Mwanangu, wewe kamalize viti. Zulia niachie mimi, tumezoeana.”

Dakika ya themanini na saba, kazi inakwisha. Wanatoka wamelowa jasho, wanacheka ovyo kama watoto waliotoka kuogelea.

Alasiri msimamizi anawasomea ujumbe wa kampuni: ndege kubwa inabaki mwaka mwingine. Mama Ghorofa analia mbele za watu, wala haoni haya.

Sasa anadunduliza nauli. Anataka kusafiri na mama yake mzazi, ambaye hajawahi kupanda ndege, wakae ghorofani, upande wa dirisha.

“Na blanketi nitalifungua, hata kama natoka jasho,” anasema. “Wenzangu wakiingia kufagia, wajue kiti kile kilikuwa na mtu.”