Hina kwenye Mpira wa Rejeta

Siku ya harusi ya dada yangu mdogo dereva nilikuwa mimi, na nusura niiharibu. Tulitoka Muyinga asubuhi kwa kamioneti, pikapu ya marehemu baba, aliyekuwa fundi magari. Nikahi ilikuwa Gitega kwa baba mkubwa, baada ya swala ya alasiri. Bibi harusi alikaa kando yangu, viganja wazi, hina bado mbichi.

Jana yake nilikuwa nimebadilisha mpira wa rejeta mwenyewe, nikajaza maji, nikajisifu. Kabla ya Karuzi mshale wa joto ukapanda. Nikaegesha pua ikitazama bondeni, kama tufanyavyo madereva wa milimani ambao stata zetu zimekufa: ukitaka kuondoka unaachia breki, gari linateremka na kuwaka. Injini ikapoa, nikaongeza maji, tukaondoka. Mshale ukapanda tena. Nikaegesha vilevile, nikaanza kulitukana gari. Injini ikiungua, hakuna harusi leo, na kesho hakuna gari la kutulisha.

"Kaka, iko hewa ndani," dada akasema. "Hewa inapandaka juu, na we unaweka rejeta chini. Geuza, pua iangalie mulima."

"Na ikizima, nani atasukuma? We na hina yako?"

"Iache irudi nyuma, tia rivasi, itawaka."

Ufundi baba alinifundisha mimi. Dada alikuwa akitumwa gereji kupeleka chai tu. Kumbe alikuwa akisikiliza kuliko mimi niliyeshika spana.

Injini ilipopoa nikafungua kifuniko cha rejeta, nikaliachia gari likawaka, nikaligeuza. Mguu wangu ulibaki kwenye mafuta lisizime. Alihitajika mtu wa kuuminya mpira ili hewa itoke, na kabla sijasema neno dada alikuwa ameshashuka. Akauminya na kuuachia, taratibu, kama baba. Mapovu yakatoka, maji yakashuka, akaongeza, mpaka mapovu yakaisha. Mshale haukupanda tena.

Tulifika adhana ya alasiri ikilia. Shangazi akaona maua ya hina viganjani yamefutika, akanifokea: "We, umemufanya nini huyu mutoto?"

Nikasema mbele ya wote kwamba mimi sikujua na yeye alijua, na bila yeye tungekuwa bado barabarani. Dada akainamisha kichwa, machozi yakamtoka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsifu, na jioni hiyo nilirudi Muyinga peke yangu.